Zawadi za Darubini

Shangazi yangu alikuwa meneja wa kiwanda cha kufulia nguo. Hakikuwa kiwanda cha kutisha. Vyumba vilifuatana kama mabehewa: cha kupokelea na kuchambua, cha mashine, cha pasi, na cha mwisho cha kukunjia na kufungasha. Nyuma kulikuwa na kibanda cha boila. Walifua mashuka ya hoteli, makoti ya madaktari na nguo za watu wenye haraka. Shangazi alikuwa na ofisi yake ya vioo pembeni mwa chumba cha pasi, lakini ndani hakukaliki, alisema, wakati nje watu wanafanya kazi. Basi alizunguka. Alipita nyuma ya migongo ya watu, mikono kiunoni, shingo imetangulia, na doa ambalo mwingine angelipita mara kumi yeye aliliona tangu mlangoni. La chai angekwambia kama ilikuwa na maziwa.

Wafanyakazi walimwita Darubini. Si mbele yake, bila shaka, lakini alijua, na kusema kweli jina lilimpendeza.

Alikuwa na haki ya kujiamini. Aliingia pale akiwa msichana wa kukunja taulo. Kutoka taulo akapelekwa kwenye pasi, na huko akawekwa chini ya Mzee Mkunjo, mpiga pasi mkuu, mtu mwembamba, mpole, ambaye suruali ikitoka mikononi mwake mkunjo wake ulisimama kama umepigwa rula. Yeye ndiye aliyemfundisha kushika pasi ya mvuke bila kujikaza bega, na kulainisha kola kuanzia ncha kwenda katikati. Meneja wa zamani alipoondoka, wenye kiwanda hawakuhangaika kutafuta mtu wa nje. Shangazi akapewa funguo, na asubuhi ile ile akamwamkia Mzee Mkunjo shikamoo kama siku zote, wala Mzee hakuona ajabu kumwita aliyekuwa mwanafunzi wake "Meneja".

Sasa, yule meneja wa zamani alikuwa na desturi ya kugawa zawadi kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka. Kila mtu alipewa mche mmoja wa sabuni, tena sabuni ile ile iliyotoka stoo ya kiwanda. Watu walioshinda mwaka mzima na sabuni hadi kwenye kope wanapewa sabuni wakapumzike nayo. Walinung'unika, na Shangazi alinung'unika pamoja nao. Alijiapia kwamba siku akipata nafasi hiyo atafanya kitu cha maana. Atampa kila mtu kitu chake, kilichochaguliwa kwa ajili yake peke yake, kuonyesha kwamba yuko mtu anayemtazama.

Wakati huo nilikuwa nikiishi kwake, nasoma chuo, kwa hiyo niliona maandalizi kwa macho yangu. Alikwenda madukani Jumamosi baada ya Jumamosi. Mumewe alikuwa kinyozi, na nyumbani sote tulimwita Kinyozi, hata mkewe. Kinyozi alimsaidia kufunga vifurushi kwa karatasi ya kaki na uzi mwekundu, bila kuuliza ndani mna nini. Shangazi aliimba akifunga. Sijawahi kumwona mtu aliyeridhika na nafsi yake kama Shangazi majuma yale.

Siku ya mwisho kabla ya likizo, mashine zilizimwa mapema. Meza kubwa ya kukunjia ikatandikwa, zikaja soda na keki. Shangazi akasimama, akasema machache kuhusu mwaka uliopita, kisha akaanza kuita watu mmoja mmoja. Na hapo akaongeza jambo ambalo hakuwa amelipanga. Kwa furaha tu, akawaambia kila mtu afungue pale pale, wote waone.

Wa kwanza alikuwa Kipaza, mama mmoja wa chumba cha kuchambulia, aliyepewa jina hilo kwa sababu sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Kipaza alichelewa kazini karibu kila siku. Akafungua kifurushi chake, na ndani mlikuwa na saa ya kengele, nzuri, yenye miguu ya shaba. Watu wakacheka sana. Kipaza naye akacheka, lakini kicheko chake kilitangulia kuisha.

Akafuata dereva wa gari la kusambaza nguo, ambaye mashati yake siku zote yalikuwa na pengo la kifungo. Akakuta kijisanduku cha sindano, nyuzi na vifungo. Wakacheka tena. Fundi wa boila, kijana mkimya aliyekuwa akitoka kibandani amelowa chapachapa, akakuta sabuni ya kunukia na dawa ya kwapa. Safari hii kicheko kilikuwa cha mtu mmoja mmoja, kikakatika. Fundi aliifunga tena karatasi, taratibu, akaishika mkononi kama mtu aliyeombwa ashike mzigo wa mwenzake.

Kisha akaitwa Mzee Mkunjo, akafungua. Ilikuwa miwani ya kusomea.

Miezi kadhaa Shangazi alikuwa amemwona Mzee akiinua kola karibu na pua. Alikuwa ameona alama mbili tatu za kahawia kwenye mashati, akazitoa mwenyewe kimya kimya kabla hazijafika kwa wenyewe. Zawadi hii ndiyo aliyoifikiria kuliko zote. Aliizungukia maduka mengi mpaka akapata fremu inayoufaa uso mwembamba.

Mzee aliitazama miwani. Hakuna aliyecheka. Wapiga pasi wote pale, vijana kwa watu wazima, yeye ndiye aliyewafundisha. Aliirudisha ndani ya kibweta chake, akasema, "Asante, Meneja," akaenda kuifunika pasi yake, ingawa ilikuwa imekwisha kufunikwa.

Waliobaki walifungua vyao kwa haraka, kama watu wanaokunywa dawa. Keki ilibaki nusu.

Shangazi aliwaachia wao kusafisha na kufunga, akarudi nyumbani akasema mambo yalikwenda vizuri, watu wana aibu tu, hawajazoea kutunzwa. Likizo nzima alikuwa mchangamfu.

Katika chumba cha kupokelea kulikuwa na rafu ya vitu vilivyosahaulika mifukoni mwa nguo: kalamu, funguo, vitana, mara moja hata meno ya bandia. Kila kitu kilifungiwa kikaratasi chenye maneno yale yale, "Kimeokotwa. Mwenyewe hajulikani," kikangoja mwenyewe aje. Siku ya kwanza baada ya likizo Shangazi alifungua kiwanda, akapita mapokezi, akasimama. Zawadi zake zilikuwa zimepangwa rafuni kwa safu, toka kubwa hadi ndogo: saa, kijisanduku cha vifungo, sabuni ya kunukia, na nyingine nyingi, na mwishoni kibweta cha miwani. Kila moja ilikuwa na kikaratasi. Kimeokotwa. Mwenyewe hajulikani.

Hakuuliza nani kafanya. Alijua ni wote, au ni mmoja kwa idhini ya wote. Wakaingia kazini wakamsalimu kwa adabu zote, na siku nzima hakuna aliyemtazama usoni. Alipofika nyumbani alirusha mkoba wake kitini, akasema maneno ambayo sitayaandika, na baada ya hayo akasema watu wale hawana shukrani hata chembe. Wangepewa sabuni za stoo wangenung'unika. Wanapewa vitu vya kufikiriwa, wanasusa. Mwaka ujao hawatapata hata kiberiti.

Kinyozi alikuwa akinoa wembe. Aliuliza, kwa mara ya kwanza, vifurushi vile vilikuwa na nini. Shangazi akamtajia. Kinyozi akaacha kunoa.

"Wewe unadhani mimi sioni?" akasema. "Vichwa vya mtaa mzima vinapita mikononi mwangu. Naona upara unaoanza. Naona mba. Naona kovu la mtu anayewaambia wenzake hajawahi kupigana. Mteja akikaa, namfunga kitambaa, namuuliza habari za nyumbani. Siku akiniuliza mwenyewe, 'Hivi nywele zinapungua?' ndipo tunaongea, tena kwa sauti ya chini, maana kuna watu kwenye benchi."

"Kwa hiyo nimwache mtu ajiunguze?"

"Sijasema hivyo. Nimesema kuna watu kwenye benchi."

Shangazi akamjibu kwamba chai yake inapoa. Lakini niligundua kwamba usiku ule hakumaliza chakula, na yeye si mtu wa kuacha chakula.

Ukimya kiwandani uliendelea. Kazi ilifanyika, tena vizuri, lakini hakuna aliyesimulia kitu Shangazi akiwa karibu. Alipopita nyuma ya migongo, migongo ilikakamaa. Naye, kwa kiburi chake, hakuziondoa zawadi rafuni. Wateja wakawa wanaulizia ile saa nzuri kama inauzwa.

Siku moja asubuhi, chumba cha pasi kikajaa moshi. Mzee Mkunjo alikuwa ametua pasi, akadhani ameiweka kwenye kikalio chake cha chuma, kumbe ameiweka pembeni, juu ya kitambaa cha meza. Alikuwa amegeuka kuchukua koti. Kipaza, aliyekuwa akileta nguo, alipiga yowe lililosikika barabarani. Shangazi alifika kwa hatua mbili, akang'oa waya ukutani, akamwagia maji pale palipoanza kushika moto. Halafu mvuke ukawa unapanda, wapiga pasi wote wamesimama, na Mzee katikati yao ameshika koti jeupe la daktari mbele ya kifua.

Wote walikuwa wakingoja Darubini aseme alichokiona.

Shangazi akakiinua kile kikalio cha chuma, akakitikisa. "Hiki kimelegea," akasema. "Nilishasema kitengenezwe, na wa kulaumiwa ni mimi niliyekiacha. Haya, fungueni madirisha, tuendelee." Akaondoka nacho mkononi.

Mchana Mzee aligonga kioo cha ofisi. Kwa bahati Shangazi alikuwamo. Mzee akaingia, akafunga mlango, akabaki amesimama mpaka alipokaribishwa mara ya pili. Mazungumzo yao nimeyasikia kwa Shangazi mara nyingi, na siku moja nikayasikia kwa Mzee mwenyewe, na yalifanana.

"Kile kikalio hakijalegea," Mzee alianza.

"Najua, Mzee."

"Kwa nini leo umenisitiri, na siku ile ukanianika?"

Shangazi akasema hakukusudia kumwanika. Alitaka kumsaidia. Alikuwa amemwona muda mrefu, na moyo ulikuwa ukimuuma.

"Kama moyo ulikuwa ukikuuma, ungenijia," Mzee akasema. "Unajua nyumbani kwangu. Ungekuja tukaongea, mimi na wewe, binti yangu. Lakini umeniambia mbele ya watoto niliowafundisha kushika pasi kwamba sioni. Na wengine hivyo hivyo. Yule umemwambia mchelewaji, yule mchafu, yule ananuka. Ile si zawadi. Ile ni ripoti iliyofungwa uzi mwekundu."

Shangazi akageuka kutazama kioo. Nje ya kioo watu walijifanya hawatazami.

"Nilikosea mahali pa kuitolea," akasema, "na nilikosea kuwafanya mfungue mbele ya watu. Kwa hilo nakuomba radhi, na wengine nitawaomba mmoja mmoja. Lakini miwani, Mzee, sikukosea."

Mzee Mkunjo akamtazama, kisha akaanza kucheka, polepole, mabega yakitikisika. Akakiri kwamba siku ile alipofika mapokezi kuiweka rafuni aliijaribu kwanza, kwa kujificha, na hakuona kitu. Macho yake mawili hayakuwa sawa, na miwani ya dukani ilimtia kizunguzungu.

"Hata miwani ulikosea," akasema.

Juma lile lile Shangazi alimpeleka kwa daktari wa macho, wao wawili tu, na hakuna aliyejua walikokwenda. Mzee akarudi kazini baadaye na miwani nyingine, nzito, yenye fremu ya kizamani aliyoichagua mwenyewe, na akawaambia vijana kwamba ameona afadhali avae kabla hawajaanza kumpelekea makoti yenye vifungo pungufu wakidhani hatagundua.

Shangazi hakuwaita wengine ofisini. Aliwafuata walipo. Kwa Kipaza alikwenda wakati chumba cha kuchambulia hakina mtu, akakaa juu ya furushi la mashuka, na badala ya kueleza akauliza. Alimuuliza kwa nini anachelewa. Katika miaka yote ile hakuwahi kumuuliza. Alikuwa akiandika tu daftarini kwamba kachelewa. Kipaza akamwambia kwamba huamka kabla ya jogoo yeyote, saa haina la kumfundisha. Tatizo ni lango la shule. Mtoto wake mdogo yuko shule, na mlinzi wa lango hafungui mapema hata umlilie. Haachi mtoto wa umri ule barabarani, basi hungoja hadi lifunguliwe, kisha hukimbia.

"Ungeniambia," Shangazi akasema.

"Wewe unaona kila kitu, Meneja," Kipaza akamjibu. "Nikadhani hilo nalo umeliona."

Shangazi alisema jibu lile lilimkaa kooni kuliko rafu nzima. Nguo ikija na doa, wa kwanza kulitambua ni mtu wa kuchambua: hili ni la damu, hili la mafuta, hili la kutu. Ukikurupuka ukaitia nguo kwenye maji ya moto kabla ya kujua, doa unalipika, halitoki tena. Alikuwa akiwafokea watu kwa kosa hilo kila juma. Akabadilisha zamu ya Kipaza ianze lango likishafunguliwa, na imalizike baadaye kidogo, basi. Kipaza hakuchelewa tena, isipokuwa siku alizochelewa kwa uzembe wa kawaida kama watu wengine.

Dereva hakuwa na neno. Alisema kijisanduku kile alishaona ni kizuri, alikiweka rafuni kwa sababu wenzake waliweka. Akakichukua, mkewe akakifurahia, na mashati yake yakabaki na mapengo yale yale.

Fundi wa boila ilikuwa habari nyingine. Shangazi alimfuata kibandani, na kwa mara ya kwanza akakaa humo zaidi ya dakika mbili. Kibanda hakikuwa na dirisha. Kabla hajamaliza kuomba radhi, blauzi yake ilikuwa imemganda mgongoni na jasho linamwingia machoni. Fundi alimsikiliza huku akitazama geji ya mvuke.

"Nimesikia," akasema.

Mwezi uliofuata alipata kazi kwingine, akaaga kwa heshima, akaenda. Shangazi alimwandikia barua nzuri ya sifa, na kila neno lilikuwa la kweli. Dirisha la kibanda lilitobolewa baada ya yeye kuondoka, pamoja na feni, na fundi mpya akadhani ndivyo kilivyokuwa siku zote. Walikutana mara moja barabarani, Shangazi na yule kijana. Wakasalimiana, kila mtu akashika njia yake. Shangazi hakusema kwamba kijana yule hana shukrani. Alisema tu kwamba ni fundi mzuri, na kiwanda kimempoteza.

Mwaka ulipoisha tena, watu walikuwa na hamu ya kuona atafanya nini. Hakuleta vifurushi. Alileta madumu ya mafuta ya kupikia, yote ya ukubwa mmoja, yakapangwa mlangoni kila mtu ajichukulie akitoka. Alikuwa anataka kwenda kukata keki, Mzee Mkunjo akamzuia. Akasema wafanyakazi nao wamechanga wakamnunulia Meneja kitu, na kwamba ingekuwa vizuri akifungua pale pale, wote waone.

Kilikuwa kimefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi mwekundu. Ndani kulikuwa na kiti. Kiti cha kukunja, cha mbao na kitambaa imara, chenye mahali pa kuegemea.

Hakuna aliyehitaji kumfafanulia. Mwaka mzima mwingine alikuwa amepita nyuma ya migongo yao, na hiki ndicho walichotaka kumwambia: kaa, utuache tupumue. Alisema masikio yake yaliwaka moto. Alisema pia kwamba wakati ule, na si kabla, ndipo alipojua barabara fundi wa boila alihisi nini akiwa ameshika sabuni ile.

Watu walikuwa wakimtazama, na wachache wakaanza kuogopa kwamba wamevuka mpaka.

Shangazi akakikunjua kiti. Akakiweka katikati ya chumba cha kukunjia, akakijaribu kwa mkono kama kinayumba, akakaa, akaegemea, akapandisha mguu juu ya mguu.

"Kizuri," akasema. "Nani ataniletea keki?"

Kicheko kilichofuata kilitoka kwa wote kwa pamoja. Akaletewa keki, akaletewa soda, na akakaa hapo hapo hadi mwisho wa sherehe akihudumiwa kama bibi harusi. Akiwa pale alimsikia mtu nyuma akinong'ona kwamba dumu lenyewe ni dogo, mwenye familia kubwa halimfikishi popote.

"Nani kasema dumu ni dogo?" akauliza bila kugeuka.

Mwaka mmoja nyuma chumba kizima kingekufa ganzi. Kipaza akanyoosha mkono. "Mimi."

"Haya. Mwakani unanunua wewe."

Na kweli akanunua yeye. Aliachiwa kila kitu, achague apendavyo. Kipaza alizunguka kutafuta, akaleta mablanketi, mazito, ya rangi mbalimbali, akayagawa kwa madaha. Siku ya kwanza baada ya likizo aliingia ofisini kwa Shangazi bila kugonga. Wengine wamesema yanawasha, akalalamika. Dereva kabadilishana na watu watatu na bado hajaridhika. Hakuna hata mmoja aliyeshukuru kwa mdomo wake, ukimwondoa Mzee Mkunjo, na huyo hushukuru hata akipewa glasi ya maji.

Shangazi alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akamuuliza yeye mwenyewe alichukua la rangi gani.

"La buluu," akasema Kipaza. "Lakini nilitaka la kijani."